Dereva Hajajibu

Kazi yangu watu wengi hawaielewi. Mama yangu mwenyewe anasema niko "kwenye mambo ya kompyuta" na anaishia hapo. Kwa hiyo nitaieleza mara moja tu, taratibu, halafu tuendelee, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini siku ile nilimfokea kaka yangu mkubwa wakati mke wake anatokwa na damu.

Tuko wawili kwenye ofisi moja mjini Kahama, juu ya duka la vipuri vya pikipiki: Boaz, ambaye ofisi ni yake, na mimi Salome. Tunatengeneza kurasa za mtandao. Kwa muda mrefu wateja wetu walikuwa mabroka wa dhahabu wa upande wa Bugarama, wanaotaka kuona bei inavyopanda na kushuka huku wamekaa wanakunywa supu. Halafu shirika moja la afya likatuletea kazi niliyoipenda kweli: ukurasa wa kuita gari la wagonjwa. Mkunga aliyeko zahanati ya mbali anabonyeza kitufe kwenye kishikwambi chake, ombi linakwenda kwenye simu ya dereva wa upande huo, dereva anakubali, mkunga anaona majibu. Basi.

Sasa, ukurasa huo hauchorwi kwenye kishikwambi. Vishikwambi vya zahanati ni vya bei ya chini na mtandao huko ni wa kubahatisha, kwa hiyo seva yetu ndiyo inayouchora na kuutuma ukiwa umeshaiva, kama chakula kinacholetwa mezani. Ila si kila kitu kinaiva kwa pamoja. Jina la zahanati lipo tangu mwanzo. Habari za gari zinamtegemea dereva, na dereva anaweza kuwa porini, au simu haina chaji, au yuko anakula. Kipande cha ukurasa kinachoonyesha gari kinapata habari zake baadaye, peke yake, kwa wakati wake. Swali lilikuwa moja tu, na ndilo lililotugombanisha: wakati habari haijaja, pale mahali pake paandikwe nini?

Mimi nilitaka paandikwe, "Ombi limetumwa, dereva hajajibu." Boaz alitaka paandikwe, "Gari liko njiani."

"Lakini haliko njiani," nikamwambia.

"Litakuwa. Madereva karibu wote wanakubali. Mkunga akibonyeza anaona jibu papo hapo, moyo unatulia. Dereva akikataa, seva inakiamsha kipande, maneno yanabadilika. Kwa mabroka si tunafanya hivyohivyo?"

Ni kweli tulifanya hivyo. Broka akiweka bei yake, inaonekana imepokelewa hata kabla seva haijaipokea. Ikikataliwa, namba inarudi ilipokuwa, yeye anatukana kidogo, maisha yanaendelea. Boaz alichukua kipande kilekile cha mabroka, akabadilisha maneno, akakipachika kwenye ukurasa wa wagonjwa. Ni fundi mzuri, sikatai. Anapenda mambo yaende haraka, na wateja wanampenda kwa hilo.

Nikamwuliza kama anajua uongo ni nini. Akacheka.

"Salome, huo si uongo, ni ustaarabu. Mtu anakusubiri, anakupigia simu, utamwambia bado unaoga?"

Hapo alinibana, maana mimi mwenyewe nasema niko njiani nikiwa natafuta kiatu chini ya kitanda. Boaz ndiyo usiseme. Kila asubuhi yuko njiani, na nyuma yake nawasikia kabisa watoto wake wakigombania chai. Kahama nzima iko njiani. Lakini aliye upande wa pili wa simu anatujua. Akisikia "niko njiani" anapunguza mwenyewe kichwani, anarudisha maharage jikoni, anaendelea na shughuli zake. Nani atapunguza maneno ya kishikwambi chenye nembo ya afya juu yake? Hilo nilimwambia Boaz kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa, naye akanikumbusha ofisi ni ya nani. Yakaandikwa aliyotaka yeye. Nilinuna kidogo, halafu nikazoea. Krismasi nilipokwenda kwetu Ushetu nilimwonyesha kaka yangu Mabula ule ukurasa kwenye simu yangu, kwa majivuno yote. Nikamwambia siku wifi akishikwa na uchungu hawatahangaika. Wifi yangu Mbuke, mke wake, alikuwa na mimba changa wakati huo.

Mabula alinipigia simu asubuhi moja ya msimu wa masoko ya tumbaku. Sauti yake ilikuwa imetulia, ndiyo maana sikushtuka upesi. Kwetu mtu akikujulia hali unaanza na "mhola", yaani salama, hata kama nyumba inaungua. Habari yenyewe inakuja baadaye.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mhola?"

"Mhola."

"Za kazi?"

"Nzuri."

"Haya. Mbuke tumemleta zahanati. Anatokwa na damu na mtoto bado hajatoka."

Nilisimama. Nikamwuliza damu kiasi gani.

"Nesi Justina anasema ni nyingi, anatakiwa kupasuliwa huko Kahama. Lakini usiogope. Amebonyeza ile yenu. Gari liko njiani, nimeona kwa macho yangu."

Kompyuta ilikuwa mbele yangu, nikafungua seva nikaangalia. Ombi la zahanati yao lilikuwepo, limekaa tu. Upande wa dereva palikuwa patupu. Hakuwa amekubali, hakuwa amekataa, hakuwa hata amelifungua.

"Kaka, kuna gari lingine hapo?"

"Lipo la Bujiku." Bujiku ni jirani yetu, naye analima tumbaku kama sisi. "Kapakia marobota yake kwenye Canter anapeleka sokoni, akatuona akasimama. Hapa amewasha kabisa, anasema tushushe mzigo tumpakie Mbuke. Nimemkatalia. Mtu kahangaika na shamba mwaka mzima, nimkoseshe soko na huku gari la wagonjwa linakuja?"

"Mkubalie. Shusheni sasa hivi."

"Bebe, wewe Salome. Nimekwambia gari liko njiani."

"Haliko. Hayo maneno yanatokea yenyewe ukibonyeza. Hakuna dereva aliyejibu."

"Nani kakwambia?"

"Naona hapa kwenye kompyuta."

"Na mimi naona hapa," akasema. "Nikusikilize wewe au niisikilize mashine? Si ni wewe uliyetuambia tusihangaike?"

Nikamfokea. Nilimwita mjinga, kaka yangu aliyenisomesha kwa tumbaku, ambaye maisha yangu yote sijawahi kumjibu vibaya. Nilikuwa naogopa, na mimi woga wangu unatoka kama hasira, ndivyo nilivyoumbwa. Simu ikakatika. Mpaka leo sijui kama ulikuwa mtandao au alikuwa yeye.

Nikampigia dereva wa upande ule, anaitwa Cornel. Alipokea upesi.

"Uko wapi?"

"Niko njiani dada, nakaribia."

"Unakaribia wapi?"

"Hapa hapa, nakaribia kabisa."

"Piga honi nisikie."

Badala ya honi nikasikia nyundo inagonga chuma na mtu anaomba spana.

"Dada na wewe," akasema kwa aibu. "Tairi liko chini, fundi anamalizia. Simu ya kazi iko ndani ya gari inachaji. Kwani kuna mgonjwa?"

Hakuwa hata anajua ninamwulizia safari gani. Nikamwambia mgonjwa yupo, amalizie aondoke, na asibonyeze kukubali mpaka awe kwenye usukani. Kutoka kwa huyo fundi mpaka zahanati ya kwetu ni mwendo mrefu hata gari likiwa zima.

Nikampigia Mabula, hapokei. Nikampigia Nesi Justina, simu ikaita mpaka ikakata, na nilielewa, mikono yake ilikuwa na kazi. Ndipo nikawaza: kama anaiamini mashine kuliko mimi, basi mashine imwambie.

Tuna sheria moja ofisini. Wakati watu wanatumia ukurasa, hakuna anayegusa seva inayofanya kazi. Nilifungua faili la kile kipande cha gari, nikafuta maneno ya Boaz, nikaandika: "Ombi limetumwa. Dereva hajajibu. Kama kuna gari lingine, msisubiri."

Boaz akaingia wakati huo, safari yake ya "niko njiani" imekwisha. Akaona skrini yangu hata kabla hajaweka begi chini.

"Unafanya nini kwenye seva?"

Nikamweleza kwa maneno machache.

"Zahanati zote zitaona hayo, Salome."

"Waone."

"Watu wataogopa."

"Waache waogope. Wifi yangu anatokwa na damu, kaka yangu amekaa kwenye benchi ametulia, na wewe ndiye uliyemtuliza."

Nikabonyeza, mabadiliko yakaenda.

Kile kipande kinatakiwa kuiuliza seva kila baada ya muda mfupi kama kuna jipya, na kila kinapouliza kinaacha mstari kwenye skrini yangu. Tukakaa kuangalia mistari. Zahanati ya Kishapu ikauliza. Ikauliza nyingine, na nyingine. Ya kwetu haikuuliza.

"Mbona haiulizi?" nikasema.

Boaz akavuta kiti, akafungua mistari ya programu aliyoiandika mwenyewe, akaisoma huku midomo inacheza. Kisha akaacha kusoma.

"Haiwezi kuuliza," akasema. "Kikishaandika gari liko njiani, kinajua kimeshapata jibu. Kinapumzika. Nilikifanya hivyo kwa ajili ya mabroka, kisiwamalizie bando."

"Si ulisema dereva akikataa kinaamshwa?"

"Akikataa, ndiyo. Lakini huyu hajakataa. Huyu hajasema kitu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Sikufikiria mtu asiyesema kitu."

Nikamwambia akiamshe kwa mkono. Akajaribu, akajaribu tena. Mtandao wa kule ulikuwa umekatika ukarudi, na kishikwambi hakikuwa kinasikiliza chochote kutoka kwetu. Kilikuwa kimebaki na maneno yake ya kwanza, kinamwonyesha kila anayepita. Na mimi nilikuwa nimeandika ukweli mzuri kabisa, umekaa kwenye seva, hakuna wa kuuchukua. Nilitamani kumpiga Boaz. Nasema kweli, nilitamani kumpiga, na nikaona naye ananitazama kama mtu anayesubiri kupigwa.

Badala yake tukagawana simu. Mimi nikawa nampigia Mabula, yeye anampigia Nesi Justina. Wa kwake akapokea.

"Nesi, funga huo ukurasa uufungue upya," Boaz akasema.

Alikuwa ameweka sauti ya nje, nikamsikia Justina akihema. "Gari limefika wapi? Mama huyu hali yake inabadilika."

"Fungua upya kwanza, nesi. Nakuomba."

Tukasikia viatu vyake kwenye sakafu. Mstari mmoja ukapita kwenye skrini yangu, una jina la zahanati ya kwetu. Justina akasoma kwa sauti, polepole, kama anavyosoma mtu asiyeamini anachokiona: ombi limetumwa, dereva hajajibu, kama kuna gari lingine, msisubiri.

Kwa mbali nikamsikia Mabula. "Soma tena."

Akasoma tena. Halafu nikamsikia kaka yangu anamwita Bujiku, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata tulipomzika baba.

Marobota waliyashusha watu waliokuwa wameleta watoto kliniki, wanaume kwa wanawake, wakayarundika uani kwa zahanati. Walitandika magodoro mawili ya wodini kwenye Canter. Justina alipanda nyuma na Mbuke, Mabula akapanda, Bujiku akaendesha. Mimi nilikimbilia hospitali nikawaambia anakuja nani na ana nini, wakaandaa chumba cha upasuaji na damu. Cornel alifika zahanati baadaye, gari lake zima, akakuta marobota ya tumbaku na benchi tupu.

Waliingia Kahama mchana. Mbuke alikuwa mweupe midomo, macho yako wazi, akanitambua, akajaribu kunisalimia. Mpaka pale alitaka kunisalimia. Wakampitisha mlangoni, nasi tukabaki nje kwenye korido, mimi, Mabula na Bujiku mwenye vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi.

Nataka kusema kitu kuhusu ile korido. Nilikuwa nimepigania maneno "hajajibu" na "hatujui" kana kwamba ni maneno ya kukaa nayo vizuri. Si ya kukaa nayo vizuri. Kila nesi aliyetoka nilimwuliza, kila nesi akasema bado, na kila nilipoambiwa bado nilimwelewa Boaz kidogo zaidi. Ningemshukuru yeyote ambaye angetoka akaniambia kila kitu kiko sawa, hata kama anatunga. Ningekaa chini ningelala.

Daktari alipotoka aliongea na Mabula moja kwa moja. Mama yuko hai. Amepoteza damu nyingi, wanamwongezea, lakini yuko hai na atapona. Mtoto wa kiume alikuwa ameshafariki tumboni.

Mabula akaitikia kwa kichwa. Akauliza, "Tungewahi, mtoto angepona?"

"Sijui," daktari akasema. "Pengine. Pengine isingesaidia. Siwezi kukwambia nisichokijua."

Mimi nililia. Nilimlilia mtoto ambaye sikumwona, na nililia kwa hasira, kwa sababu niliona tatizo mapema, nikalisema, nikashindwa, nikanuna, halafu nikazoea kama watu wote wanavyozoea. Bujiku alinishika bega, mkono wake unanuka tumbaku. Mabula hakulia. Alisimama ameegemea ukuta, kofia yake mkononi, anaikunja na kuikunjua.

Jioni Boaz alikuja. Alikuwa amebeba chupa ya chai na vikombe, na nilijua ameshasikia, kwa sababu hakusalimia kwa kuuliza habari. Mabula akajiweka sawa kumpokea. Alikuwa hajawahi kuonana naye, alichojua ni kwamba huyu ndiye mwenye ofisi ninayofanyia kazi.

"Asante sana, bwana," akamwambia, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Yale maandishi yenu yameniokolea mke."

Boaz angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa amemtaja. Mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba sitasema kitu, si siku ile, na nadhani aliliona hilo usoni kwangu.

"Yaliyokuokolea mke kaandika Salome," akasema. "Yale ya kwanza ndiyo yangu. Yale ya gari liko njiani."

Mabula hakumwachia mkono. Alikuwa anafikiri. "Sasa ulipoandika, gari lilikuwa wapi?"

"Sikujua."

"Hukujua."

"Niliyaandika zamani, hata mkeo hajaanza kuumwa. Nilitaka anayesubiri asipate wasiwasi."

Kaka yangu akamtazama muda mrefu. Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha.

"Ungeandika tu kwamba hujui," akasema. "Bujiku alikuwa amewasha gari. Mimi ningejua la kufanya."

Akamwachia mkono, akavaa kofia yake, akaingia wodini kwa mkewe.